Mama Hakusema Hivyo

Chumbi,
Wilaya ya Rufiji.
21 Juni 1998.

Mpendwa mdogo wangu Twalha,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wenzako mnaokaa nyumba moja huko Uholanzi, na kile kikohozi ulichokitaja kiwe kimekwisha. Uliandika kwamba siku hizi jua la huko halitui mpaka saa tatu ya usiku. Niliwasomea watoto hapa nyumbani, wakabisha, kisha wakaniuliza mjomba anaswali magharibi saa ngapi. Nami nakuuliza hilo hilo.

Sisi huku tupo. Miaka yote nimekuandikia kwamba hatujambo, lakini mwaka huu neno hilo linanikataa mkononi. Mguu wangu umepona, labda nisimame sana darasani ndipo unavimba. Watoto wameacha kuharisha. Njia imefunguka, pantoni ya Ndundu inavusha tena, ndiyo maana barua yako ya Aprili imenifikia mwezi huu.

Arobaini ya mama tuliisoma Ijumaa ya tarehe kumi na mbili. Watu walikuja wengi kuliko chakula. Wengine walitoka delta kwa mitumbwi, siku mbili njiani, watu ambao hata mimi siwajui, kila mmoja akisema mama alimfundisha kitu. Kaburi lake liko karibu na la ndugu yetu Waride, juu kwenye mchanga, maji hayatafika.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliandika hivi: mama alikuwa akijua maji kuliko mtu yeyote wa bonde hili, ilikuwaje basi Waride akae bondeni na mtoto mchanga, na mama yuko hai? Hakumwonya?

Nimekaa na maneno hayo wiki mbili. Mara ya kwanza nilipoyasoma nilikasirika nikaikunja barua. Baadaye nikaona kwamba huwezi kujua, kwa sababu ulikwishaondoka, na hakuna aliyekuandikia zaidi ya simu ya maandishi ya maneno machache. Nitakueleza yote. Nakuomba usome mpaka mwisho, na usome ukiwa umekaa.

Lazima nianzie kwa Consolatha. Wewe ulimjua kama mwanafunzi mmojawapo wa kilimo huko chuoni ulikokuwa unafundisha. Mimi niliishi naye miezi saba. Alikuja hapa Desemba ya mwaka tisini na tano, binti wa Songea, Mkristo, na begi la karatasi za maswali zilizotoka kwenye Kiingereza zikatiwa Kiswahili. Mama alikuwa anamjibu ndiyo na hapana, tena kwa adabu tu. Siku ya nne yule binti alizirudisha karatasi begini, akaomba jembe. Ilipofika masika alikuwa akiongea na mama Kindengereko, kwa makosa ambayo wanawake walikuwa wanayarudia kisimani wakicheka, lakini akiongea.

Mimi nilimwonea wivu, Twalha, na sioni haya kukuambia. Mimi mwalimu niliyezaliwa na lugha hiyo, nimewachapa watoto wa watu miaka kumi na tatu kwa kusema kilugha darasani. Wanangu mwenyewe nimewalea kwa Kiswahili kitupu, wasije wakachekwa kama tulivyochekwa sisi. Na huyu mtu wa bara anakaa jikoni kwetu, anamuuliza mama majina ya maji.

Maana ndicho alichokuwa anajifunza. Unajua mama alivyokuwa akichovya mkono mtoni kuanzia vuli, asubuhi na jioni. Maji mekundu yanatoka upande mmoja wa huko juu, yanakuja kwa fujo na kuondoka. Maji meusi yanatoka upande mwingine, yanakuja kimya na kukaa. Kila maji yana mpunga wake, na yana mahali pa kuupanda. Yakija yote mawili ndani ya mwezi mmoja, kabla mvua za kwetu hazijaanza, hakuna mpunga wala mahali: toka bondeni, upande juu, usubiri kulima mlau kwenye unyevu maji yakishaondoka. Hali hiyo ya maji mawili kukutana ina jina lake kwa Kindengereko, neno moja tu. Nimejaribu kukuandikia hapa, nimeshindwa. Hatukufundishwa kuliandika. Wewe unalijua.

Consolatha aliyaandika haya yote kwenye madaftari, akataka yawe ndiyo kazi yake ya kumalizia shahada, na jina la mama liandikwe humo kama mwalimu wake. Akataka zaidi ya hapo. Alitaka chuo kianzishe somo, wazee waitwe wafundishe kwa lugha zao, wanafunzi wajifunze lugha ya mahali kabla hawajapelekwa kuwashauri watu wa mahali hapo. Wakubwa wenu walimwambia basi mlete huyo mwalimu wako, tumsikie.

Ndipo Septemba ya mwaka uliofuata mimi na mama tukavuka Ndundu kwenda chuoni kwenu.

Uliyoyaona ukiwa umekaa mbele unayajua. Nitakueleza yale niliyoyaona mimi nikiwa nyuma. Mama alikuwa amevaa kanga mpya na viatu vya Waride, vilivyokuwa vinambana. Tulikuwa tumekwishaambiwa na Consolatha kwamba wewe utakuwemo kwenye baraza la kuipima kazi yake, na kwamba umeomba isitajwe kuwa huyu ni mama yako, isionekane upendeleo. Mama alikubali mara moja. Aliniambia njiani, "Kazini kwake ni kazini kwake." Mle ndani alikuamkia kama alivyowaamkia wengine, nawe ukaitikia kama wengine. Alivua viatu akaviweka chini ya kiti, na watu wawili wa mstari wa mbele wakatazamana wakatabasamu. Niliona ulivyowaona. Niliona shingo yako ilivyokakamaa.

Yule mzee wa Utete aliyetakiwa kufasiri hakufika. Consolatha hakuruhusiwa, kwa kuwa kazi ilikuwa yake. Mwenyekiti akauliza nani hapa anatoka Rufiji, mtu mmoja akakuonyesha wewe.

Swali lenyewe lilikuwa jepesi. Wakulima wanajuaje kwamba mafuriko ya mwaka huu yatakuwa makubwa? Mama angeweza kujibu kwa Kiswahili, Kiswahili chake ni kizuri kuliko changu. Lakini Consolatha alikuwa amemwomba aseme kwa lugha ambayo maneno ya maji yanapatikana, na mama naye hakuwahi kuyasema maji kwa lugha nyingine. Akaanza kwa kusema kila kitu ni kwa uwezo wa Mungu, kama mtu yeyote mwenye heshima zake anavyoanza. Kisha akaeleza. Alieleza rangi, povu, ubaridi wa maji kifundoni, ndege wa matete wanaojenga juu au chini, mpunga mrefu na mpunga mfupi, mwaka ule babu alipowatoa watu wa vitongoji viwili na siku ya tisa maji yakaja. Alisema robo saa nzima. Mimi sijawahi kumsikia akisema vizuri namna ile, hata mkono wake ulikuwa unaonyesha.

Alipomaliza, mwenyekiti alikutazama. Ukasema, "Anasema mambo ya mto ni ya Mungu. Wao husubiri na kuomba."

Watu wakacheka. Si wote, na si kwa ubaya mkubwa, lakini walicheka.

Consolatha alisimama akasema, "Sivyo alivyosema." Mwenyekiti akamuuliza kama yeye mtu wa Songea anaijua lugha hiyo kuliko mwenyewe aliyezaliwa nayo. Wote wakageuka kwako. Ukainamisha kichwa ukawa unaandika kitu.

Mama alikuwa anasikia Kiswahili kile, Twalha. Alikuwa amekaa hatua tatu kutoka kwako. Alitazama mbele, akaokota viatu vyake, akavivaa taratibu.

Jioni ulitununulia soda, ukatusindikiza mpaka stendi, na hakuna aliyeligusa jambo lile. Mama alikushika shavu. Gari lilipoondoka nilitaka kusema, akanitangulia: "Mwanangu amechoka. Umeona macho yake?" Basi. Mimi najua kwamba karatasi zako za kwenda Ulaya zilikuwa mezani kwa yule yule mwenyekiti. Najua ulikuwa mdogo kuliko wote mle ndani. Nimekutetea moyoni mwangu mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kazi ya Consolatha ilikataliwa. Alitakiwa aandike upya kutoka vitabuni, akakataa, akaondoka bila shahada. Januari wewe ukasafiri. Sisi tukadhani jambo limekwisha, limebaki aibu ya siku moja ya watu wa nyumba moja.

Halikwisha. Yale maneno yalichapwa.

Mwaka jana, hapa kwetu, baada ya ushirika kufa na soko kuwa huria, alikuja mfanyabiashara wa mbegu na mpunga mfupi unaowahi. Serikali ya kijiji ikagawa viwanja bondeni kabisa, kule chini tulikoondolewa sisi tukiwa watoto. Masharti yalikuwa kwamba kiwanja kisicho na mtu wa kukaa na kulinda atapewa mwingine. Vijana walijiandikisha kwa wingi, na Tamimu shemeji yako akawa wa kwanza. Nani wa kumlaumu, kijana ana mke na mtoto na hana shamba?

Mwisho wa Oktoba mama alirudi kutoka mtoni, akakaa kizingitini bila kula. Nilimuuliza. Akalitaja lile neno. Maji mawili yalikuwa yamekutana, na hapa kwetu hata mawingu hayajaonekana.

Siku ya mkutano wa kijiji alisimama mbele ya watu akawaambia wasipande bondeni. Alisema kwa Kiswahili, kwa kifupi. Baadhi ya watu wazima walianza kunong'ona kwamba Bi Sijaona huyu hajawahi kukosea. Ndipo bwana shamba akasimama. Anaitwa Nicolaus, mtu wa bara, kijana mwenye adabu, na mpaka leo nasema hivyo. Alikuwa na kitabu kidogo kilichotoka chuoni, ambacho mabwana shamba wote wa wilaya walipewa. Akasema, "Bibi, mimi nakuheshimu. Lakini humu umeandikwa wewe." Akasoma: mkulima mzoefu wa Chumbi, jina lake hili, alikiri mbele ya baraza kwamba wakulima hawana njia ya kuyajua mafuriko isipokuwa kusubiri na kumwomba Mungu. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Haya si maneno yako, bibi?"

Mkutano mzima ulikuwa unamtazama. Mimi nilikuwa nimekaa kando yake mkekani. Nilianza kuinuka. Mama, aliyekuwa amesimama, aliniwekea mkono begani akanikandamiza chini. Alikuwa na nguvu, Twalha, hukuwahi kujua mkono ule ulikuwa na nguvu kiasi gani.

Akasema, "Huko nilikwenda, ndiyo. Na kama yameandikwa, yameandikwa." Akakaa.

Watu wakatawanyika wakijadili mbegu.

Nyumbani nilimgombeza. Mimi, mtoto, nilimgombeza mama yangu. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Ulitaka nisemeje? Kwamba mwanangu mwongo, mbele ya kijiji kizima, na bwana shamba aandike apeleke huko juu? Mpunga ukizama hupandwa mwaka mwingine. Jina la mtu likizama halipandwi."

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hilo. Alionya. Aliwaonya watu wote, na maneno yako yakamzuia, naye akayaacha yamzuie kwa ajili yako. Nami nilinyamaza kwa ajili yake. Sijiondoi. Ilinipasa kusimama siku ile, mkono au si mkono.

Waride alimwonya peke yake, nyumbani, mara tatu. Waride alimwamini. Lakini Tamimu aliona kwamba mama mwenyewe amekiri mkutanoni, sasa kwa nini waache kiwanja kiende kwa mwingine? Mama aliomba aachiwe mtoto. Mtoto alikuwa ananyonya, hangeweza kubaki. Wakakubaliana kwamba Waride atashuka, atakaa juu ya nguzo kwenye dungu kufukuza ndege na nguruwe, na palizi ya pili ikiisha atapanda juu. Alibakiza siku nne.

Ilikuwa Februari, mchana, jua kali, wala hapakuwa na tone la mvua. Tamimu alikuwa amekuja juu kununua chumvi na mafuta ya taa. Mimi nilikuwa darasani nikasikia watu wanapiga kelele upande wa bonde. Tulipofika ukingoni, mpunga ulikuwa hauonekani. Madungu yalikuwa yamesimama majini kama meza, na watu juu yake wakipunga nguo. Mitumbwi ilikuwa miwili. Iliwatoa watu kumi na mmoja. Dungu la Waride lilikuwa la mbali, lile la tatu kutoka kona ya mto. Niliiona kanga yake. Niliona nguzo moja inalegea, dungu likainama, kisha likaenda zima zima, taratibu, na yeye amekaa juu yake amempakata mtoto. Likapita nyuma ya matete. Basi.

Tulimpata siku ya tatu. Mtoto hatukumpata. Wengine waliokufa ni sita, wote unawajua, majina yao sitayaandika leo.

Tamimu haongei na watu. Analima kibarua Ikwiriri, anarudi Ijumaa, anakaa kaburini, anaondoka.

Mama hakulia mazishini. Lakini tangu siku ile hakusema tena Kiswahili. Neno moja hakusema. Watoto wangu wakimwamkia, anaitikia kwa Kindengereko. Mwanzoni tulidhani ni uchungu utapita. Kisha tukaona anawaita watoto, anawakalisha, anawaeleza kitu kirefu, anawaonyesha kwa mkono kuelekea mtoni, na watoto wanamtazama tu. Anarudia. Kesho anaanza upya. Wanangu walikuwa wanakuja jikoni kuniuliza, "Bibi anasema nini?" Nilikuwa nawafasiria kidogo, halafu nashindwa.

Mwisho wa Aprili akashikwa na homa. Pantoni ilikuwa haifanyi kazi kwa maji kujaa, tukamvusha kwa mtumbwi Ndundu, kisha trekta mpaka njia kuu, tukapata lori la kutufikisha hospitali ya misheni Mchukwi. Walimpokea vizuri, walimhangaikia. Lakini alikuwa amechelewa, na mwili wenyewe alikuwa ameuacha tangu Februari. Muuguzi aliyekuwa naye zaidi anaitwa Theopista, msichana wa Ngara, hajui hata salamu ya Kindengereko. Siku ya Jumapili, tarehe tatu Mei, saa saba mchana, nilikuwa nje nafua shuka zake. Niliporudi alikuwa amekwishakata roho. Innaa lillaahi.

Nimebakiza jambo ambalo lazima ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine. Baada ya arobaini, Nicolaus alibaki watu walipoondoka. Tangu mafuriko amekonda, hana usingizi, kwa sababu anaamini yeye ndiye aliyewaua wale watu kwa kitabu chake. Aliniuliza, "Mwalimu, mama yako alisema kweli maneno yale?" Nilimtazama, nikaona kwamba nikinyamaza tena mtu huyu atabeba mzigo usio wake mpaka kufa. Nikamwambia mama hakusema hivyo. Nikamwambia alisema nini, yote, robo saa nzima, na nikamwambia ni nani aliyefasiri.

Aliniuliza kama niko tayari kutia sahihi kwenye barua ya kuyaeleza hayo. Nimetia. Consolatha naye, aliyekuja kwenye arobaini, ameandika ushahidi wake. Siku hizi anafundisha sekondari kwao Songea kwa leseni tu, bila shahada, na madaftari bado anayo. Barua imekwenda chuoni kwenu Jumatatu iliyopita. Tunaomba kitabu kile kisahihishwe, kazi ya binti yule ifunguliwe tena, na wazee wakiitwa kusema, afasiri mtu asiyewaogopa wanaomsikiliza. Sijui kama watajibu. Nicolaus anadhani hawatajibu. Kwa jinsi hapa kijijini wazee wa kuyajua maji walivyobaki watatu, na mmoja haoni, hata wakijibu sijui watamwita nani.

Najua jambo hili linaweza kukuharibia kazi. Nililijua nilipokuwa nashika kalamu. Mama angenikataza, na nimemwomba radhi kaburini. Lakini mama alilinda jina lako kwa gharama ambayo hakujua ni kubwa kiasi gani mpaka alipoiona, na mimi nimeiona tayari. Siwezi kuilipa mara ya pili.

Usidhani nimekukata. Chumba chako kipo, nimekipaka chokaa baada ya maji. Siku utakayorudi utakuta uji na mtu wa kukufungulia mlango.

Shangazi Biasha anakusalimu, macho yanamsumbua lakini bado anasuka mikeka. Mzee Husseini wa msikitini anakuombea kila Ijumaa. Wanangu wanauliza kama huko kuna mto. Nikimwona Tamimu nitampa salamu zako. Yeye hajanipa zozote, nami sikumuuliza.

Ndani ya bahasha hii utakuta karatasi moja, nyuma yake imechapwa chati ya joto ya hospitali. Ile saa ya mwisho mama alipoanza kusema, Theopista alitafuta mtu wa kumwelewa wodini akakosa. Akachukua karatasi hiyo akawa anaandika sauti kama anavyozisikia, kwa herufi za Kiswahili, bila kujua neno hata moja. Aliniambia aliona huyu bibi anasema kitu cha maana, haifai kipotee. Amekata maneno pasipostahili, pengine ameunganisha mawili, lakini nilipoisoma kwa sauti nilimsikia mama mle ndani ya chumba.

Si laana, usiogope kuifungua. Nusu yake ni mbegu: ipi ipandwe bonde likishakauka baada ya maji mawili, na wapi. Nusu ya pili ni yako, jina lako limo mara mbili.

Nilikaa usiku wa juzi niifasiri kwa Kiswahili kwenye karatasi nyingine, kisha nikaiacha. Isome kwa sauti, mahali ambapo hakuna mtu wa kukucheka. Utaielewa.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, ayapokee yaliyo mema yako, na ayasamehe yale ambayo wewe na mimi tumeyanyamazia.

Ni mimi dada yako, tumbo moja nawe, nisiyeweza kuacha kukupenda,

Zabibu